Ndoto ya darajani: namna ya kuisikiliza ndoto mbaya wakati wa ukimbizi

(Hotuba ya mama mmoja, mjumbe wa Kamati ya Afya, aliyoitoa mbele ya hangari kubwa Siku ya Wakimbizi Duniani. Tumeiandika jinsi ilivyosemwa, tukipunguza tu marudio.)



Nimeombwa niseme juu ya ndoto. Mwanzoni nilikataa. Niliwaambia wenzangu katika Kamati kwamba siku kama ya leo watu wanataka kusikia habari za posho, za shitingi zinazovuja na za watoto wasio na shule, siyo habari za usingizi. Mzee mmoja akanijibu: "Mama, shitingi zinavuja mvua ikinyesha, lakini watu wanalia kila usiku." Nikanyamaza, kwani ni kweli. Yeyote anayelala katika hangari hii anajua kwamba kuanzia saa nane za usiku mpaka alfajiri hapana kimya. Huyu anapiga kelele, yule anaita jina la mtu, mtoto analowesha mkeka. Kukipambazuka kila mmoja anakunja blanketi lake kama kwamba hakusikia kitu. Kisha kwenye foleni ya maji minong'ono inaanza: fulani ameota, na fulani amekwisha kuambiwa maana yake.

Ndugu zangu, minong'ono hiyo inanitia hofu kuliko ndoto zenyewe. Nitawaeleza kwa nini, na itanibidi niseme jambo langu mwenyewe ambalo sikulisema kwa miaka mingi.

Mwisho wa mwezi wa tano mwaka 2004, vita vilipozuka Bukavu, nilikuwa na watoto wawili. Mkubwa alikuwa na miaka sita, mdogo miwili na nusu. Mume wangu alitoka asubuhi kwenda Kadutu kutafuta unga. Risasi ziliposogea, majirani wakaniambia, tuteremke. Nikafunga mlango wa nyumba kwa ufunguo, ufunguo nikaufunga kwenye pembe ya kitenge, mdogo nikambeba mgongoni, mkubwa nikamshika mkono, tukateremka mpaka Ruzizi ya Kwanza na kuvuka. Mji ulianguka tarehe 2 Juni. Siku hiyo sisi tulikuwa tayari upande huu, Cyangugu, kama mkoa ulivyokuwa ukiitwa hadi 2006, tukilala chini ya shitingi pamoja na watu tusiowajua.

Usiku wa nne au wa tano ndoto ikaja. Nilijiona nimesimama katikati ya daraja. Maji ya Ruzizi yanapanda, mekundu kama udongo, yanafika kwenye mbao. Mume wangu yuko ng'ambo, anafungua kinywa lakini sauti haitoki. Mkononi nina kitu kizito. Nikigeuka kuwatazama watoto, naona mmoja tu. Hapo naamka, nimelowa jasho, na nawapapasa wote wawili gizani mpaka nisikie pumzi zao. Ndoto hiyo hiyo ilirudi karibu kila usiku, nikaanza kuogopa jua likizama.

Kambini palikuwa na mtu aliyejiita mwonaji. Sitamtaja, wala sitasema alikuwa wa dini gani, kwani watu wa namna hiyo wako kila mahali. Alisikiliza ndoto yangu kwa muda mfupi tu, akaniuliza: "Nani analala karibu na mtoto wako?" Nikasema ni bibi mmoja mzee wa upande wa Walungu, hana mtu, tunagawana naye mkeka. Akasema: "Basi maji ndiye huyo. Anamtaka mtoto." Nililipa maharage vikombe vitatu na kitenge changu kizuri, kile nilichovukia. Usiku ule ule niliwahamisha watoto nikawalaza mlangoni, mbali na bibi, mahali ambapo mvua ilikuwa ikiingia. Bibi aliponiletea uji nilimwaga mbele ya macho yake. Watu waliona, na wao wakaanza kumkwepa.

Kwa siku kumi na moja mwanangu mdogo alilala kwenye ubaridi ule. Akashikwa na kikohozi, kifua kikawa kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa. Alipelekwa kwenye matibabu, akalala huko siku sita kwa ugonjwa wa mapafu. Mungu alimponya. Lakini mnaona: ndoto ilisema nitampoteza mtoto mmoja, na mimi mwenyewe, kwa kuifuata tafsiri, nilikaribia kumpoteza.

Niliporudi na mtoto, bibi yule alikuja akaketi karibu yangu. Hakunigombeza. Aliniuliza: "Mwanangu, wanasema uliniota. Mimi nilikuwamo ndani ya ndoto yako?" Nikasema hapana, bibi, hukuwamo. "Basi ni nani aliyeniingiza?" Sikuwa na jibu. Akaniambia nimsimulie yote, polepole, kama mtu anayesimulia safari. Nilipofika kwenye kile kitu kizito cha mkononi, akauliza ni kitu gani. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasema: ufunguo. Hapo nililia kilio ambacho sikukilia tangu tulipovuka. Mume wangu hakuwa na ufunguo mwingine. Kama alirudi nyumbani siku ile, alikuta mlango umefungwa, na aliyeufunga ni mimi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya ndoto. Bibi hakuwamo, uchawi haukuwamo, wala haukuwa utabiri wa mtoto kufa. Palikuwa na mwanamke anayejilaumu, asiyepata mchana nafasi ya kujilaumu kwa sababu ya foleni za maji, kuni na kadi.

Tangu wakati huo nimejifunza kidogo, kwa kusoma na kwa kufundishwa na wahudumu wa afya ya akili. Mwaka 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walieleza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho ya mtu huchezacheza chini ya kope, na ukimwamsha wakati huo mara nyingi atakuambia alikuwa akiota. Vipindi hivyo hurudi kila baada ya saa moja na nusu hivi, na hurefuka kadiri usiku unavyokwenda. Basi tusishangae kwamba kelele za hangari yetu huzidi karibu na alfajiri. Katika vipindi hivyo viungo vya mwili hulegea kabisa. Pengine akili huamka kabla viungo havijaamka, ukajikuta macho wazi, huwezi kuinua hata kidole, kifua kizito, na unaona kama mtu amekukalia. Waswahili wanasema umekabwa na jinamizi. Inatisha sana, lakini haidumu: baada ya dakika chache mwili unafunguka wenyewe. Aliyekabwa hakurogwa.

Wanyarwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, walikuwa na neno lao kwa mtu ambaye yaliyompata yanamrudia mpaka pumzi inakatika: guhahamuka. Daktari Athanase Hagengimana na mwenzake Devon Hinton waliandika juu ya ihahamuka mwaka 2009, jinsi mgonjwa anavyokosa pumzi na kuona kama amevamiwa na roho. Mimi nafurahi kwamba neno hilo lipo, kwa sababu mtu akiwa na neno la kuutajia ugonjwa wake hana haja ya kumtafuta jirani wa kumtwika.

Kuna profesa wa Marekani, Ernest Hartmann, aliyechunguza ndoto za watu walioponea hatari. Aliona kwamba mtu aliyeokoka kwenye nyumba iliyowaka moto anaweza asiote moto. Anaota wimbi kubwa la bahari linamfagia. Ndoto inachukua hofu na kuichorea picha yoyote iliyo karibu. Sisi watu wa Kivu picha zetu ni ziwa, mto, daraja, na kwa wengi ardhi inayotikisika, kwani hakuna mtu mzima wa Bukavu au wa Rusizi aliyesahau Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipowakuta watu makanisani. Kwa hiyo ukiota maji, usiende kuuliza maji maana yake nini. Jiulize uliogopa nini, na ni lini mchana uliogopa vivyo hivyo.

Najua wako wanaosema: mama huyu anadharau ndoto, na vitabu vyetu vitakatifu vimejaa ndoto. Sidharau. Lakini tuvisome vizuri. Yusufu alipomfasiria Farao ndoto ya ng'ombe, hakumwonyesha mchawi. Alimwambia aweke akiba ya nafaka. Tafsiri yake ilikuwa kazi ya kufanya, na ilishibisha watu. Na huyo huyo Yusufu alipokuwa kijana aliwasimulia ndoto zake ndugu waliokwisha kumchukia, mkaona yaliyompata: angalieni mnamsimulia nani. Waislamu wenzetu, na kule Bugarama wako wengi, wamefundishwa kwamba ndoto inayochukiza mtu amwombe Mungu ulinzi, ageuke alale upande mwingine, wala asiitangaze. Na Yeremia aliwaandikia barua watu waliohamishiwa Babeli, yaani wakimbizi kama sisi, akiwaonya wasiwasikilize waotaji waliokuwa wakiwapa matumaini ya uongo, bali wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko waliko. Ninapowasikia watu wakisema "fulani ameota kwamba mwezi ujao barabara ni salama, turudi," naikumbuka barua hiyo. Habari za usalama ziulizwe kwa waliotoka huko jana, kwa Kamati na kwa HCR. Usingizi wa mtu haujui kama kuna kizuizi Kamanyola.

Sasa nigusie jambo ambalo wengi hawalijui, na limeumiza watu. Ziko dawa zinazoleta ndoto kali. Ile dawa ya virusi vya ukimwi iitwayo efavirenz, iliyotumika sana katika nchi zetu, ilijulikana kwa kuwapa watu ndoto zenye rangi na vitisho, hasa wiki za mwanzo. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linaweka mbele dawa nyingine, dolutegravir, lakini wako ambao bado wanameza ile ya zamani, na hata hiyo mpya huwasumbua wengine usingizi. Mtu anaanza vidonge, anaota ameviringishwa sanda, anaambiwa "wahenga wamevikataa vidonge," anaviacha. Nimemzika mtu mmoja wa namna hiyo, na sitaki kuzika mwingine. Ukiwa kwenye dawa yoyote na ndoto zikabadilika, usiache dawa: nenda kwa mganga wa kituo umweleze, yeye anaweza kubadili saa ya kumeza au dawa yenyewe. Na ninyi wageni wetu msicheke, kwani ile mefloquine ambayo wengi wenu mlipewa zamani kujikinga na malaria ni ya jamii hiyo hiyo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kwa sababu ya akili na mishipa ya fahamu.

Baba zangu wanaotafuta usingizi kwenye kanyanga, nitasema kwa ufupi kwa kuwa mke wa kila mmoja wenu amekwisha kusema kwa urefu. Pombe inazuia ndoto mwanzo wa usiku, kisha inapoisha mwilini ndoto zinarudi kwa deni.

Mtanijibu, mama, umetuambia tusifanye hiki na kile, basi tufanye nini? Jambo la kwanza ni lile alilonifanyia bibi yule: kusimuliwa. Mwaka 2008 ulitolewa uchunguzi uliofanyika kambini Nakivale, Uganda, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waliokuwa na majeraha makubwa ya moyo. Walioketi nao kuwasikiliza hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Waliosikilizwa kwa utaratibu, kwa vikao vichache, walipata nafuu kuliko wale waliofuatiliwa tu bila kikao. Nayataja haya ili msiseme kwamba mpaka aje mtaalamu kutoka Kigali.

Jambo la pili litawashangaza. Ndoto inayorudi inaweza kubadilishwa mchana. Daktari Barry Krakow na wenzake walijaribu hivyo New Mexico, Marekani, kwa wanawake 168 waliokuwa wakiteswa na jinamizi baada ya kudhulumiwa kingono, wakatoa matokeo mwaka 2001: waliofundishwa njia hiyo jinamizi lilipungua na usingizi ukawa bora. Njia yenyewe ni nyepesi. Chagua ndoto moja, usianze na ile inayokuua kabisa. Ieleze tena ukiwa macho, mchana, lakini ibadilishe upendavyo, mwanzo, kati au mwisho. Hakuna wa kukuuliza kwa nini. Kisha kila siku, dakika kumi hivi, keti mahali pa utulivu uipitie ile mpya kichwani. Ile ya zamani usiipitie. Bibi yangu wa Walungu hakusoma New Mexico, lakini aliniambia: "Ukifika darajani kesho, huo ufunguo utauweka wapi?" Tukazungumza siku mbili nzima juu ya ufunguo. Mwisho nilisema nitautundika kwenye ukingo wa daraja, upande wake, mahali ambapo mtu anayevuka atauona. Nikawa nauwaza hivyo kila jioni nikichambua maharage. Ndoto haikuondoka mara moja. Ilikuja tena mara tano, sita, kila mara maji yakiwa chini zaidi, kisha ikaacha.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nina ombi. Mkimbizi akija mezani kwenu akasema "nimeota," msiandike tu "hapati usingizi" mkamwita anayefuata. Kwetu mtu hutanguliza ndoto pale anapoona aibu kutanguliza ombi. Akisema ameota ndugu yake anamwita, muulizeni kama jina la ndugu huyo limeandikishwa kwa Msalaba Mwekundu ili atafutwe. Mara nyingi mtakuta halijaandikishwa, kwani hakuna aliyemwambia kwamba inawezekana, au anaogopa jibu. Na wakalimani tafadhali mtafsiri ndoto yote, hata sehemu mnazoona ni za ujinga. Mkalimani angeuacha ufunguo wangu, ndoto yangu isingebaki na kitu.

Yule ambaye hajalala siku tatu, au anayesikia sauti za kumwamuru, au anayesema heri nife, huyo asingoje kikao chetu. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani.

Nilirudi Bukavu, nikalea watoto wangu wakawa watu wazima. Mwezi wa pili mwaka 2025 nikavuka tena, safari hii nikiwa na mjukuu mgongoni. Juma la kwanza daraja likarudi usingizini, maji yale yale mekundu. Niliamka, nikampapasa mtoto, nikakaa. Kisha nikamwamsha mama aliyelala karibu yangu, ambaye sikujua hata jina lake, nikamwambia: nisamehe, naomba nikusimulie kitu. Akasema hata yeye alikuwa macho.

Mume wangu sikumpata. Jina lake bado liko kwenye orodha ya wanaotafutwa, na nimeliandikisha upya mara mbili.

Tunaketi kila Jumanne, ugawaji ukiisha, nyuma ya tangi la maji. Kila mtu aje na kigoda chake, kwani viti hatuna. Hatulipishi, hatufasirii, na jina la jirani halitajwi. Wiki iliyopita tulikuwa mama kumi na mmoja na baba mmoja, aliyesema amepita tu kuchota maji lakini hakuwa na bidoni. Baba, nakuona pale nyuma. Jumanne njoo tena.